Fadhili William na Wimbo Uliotangulia Jina Lake

Kabla sijafika mbali nataka kulipa deni. Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala. Hoja ilisema kwamba Kenya haijawahi kuimba mbele ya ulimwengu. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na nilikuwa nimejitayarisha, si mchezo.

Nilianza na yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya yaitwayo Eurovision, yaliyoanzia mjini Lugano, Uswisi, mwaka 1956, nchi saba zikishiriki. Siku hizi huonyeshwa kwenye televisheni na kutazamwa na mamilioni ya watu, kila nchi ikileta wimbo wake mmoja. Nikasema Afrika imeingia humo mara moja tu. Ilikuwa Moroko, mwaka 1980, nayo ikashika nafasi ya 18 kati ya nchi 19. Kenya haimo kabisa! Hapo msemaji wa upande wa pili akainuka na kutaja wimbo wa Malaika. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba Malaika ni wimbo wa Miriam Makeba, na Makeba ni wa Afrika Kusini. Makofi yakapigwa. Tukashinda.

Jioni nilifika nyumbani hapa Mwihoko nikijigamba. Guka, yaani babu yangu, alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza Makeba alipata wapi wimbo wa Kiswahili. Nilikosa jibu. Akaingia ndani na kutoka na santuri ndogo ndani ya bahasha iliyopauka. Gramafoni yake iliharibika zamani, lakini jina lilisomeka vizuri. Halikuwa la Makeba. Lilikuwa la Fadhili William. Basi haya ndiyo maisha ya mtu ambaye mimi nilimpokonya jasho lake mbele ya chama kizima.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita mwaka 1938. Jina lake la mwisho linataja kwao, kwani Mdawida ni Mtaita. Alikuwa mtu wa gitaa na sauti laini. Nairobi ya wakati ule ilivuta wanamuziki kama Githurai inavyovuta matatu jioni. Wengine walitoka Pwani, wengine Magharibi, na wengine walivuka mipaka kutoka nchi jirani. Mnamo mwaka 1960 hivi, Fadhili alirekodi Malaika pamoja na kikundi chake kilichoitwa Jambo Boys. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wetu, aliurekodi tena chini ya Equator, studio ya Nairobi iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod.

Equator haikuwa mahali padogo. Humo walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hao ndio waliowachezesha watu twisti katika miaka ile ya kwanza ya uhuru. Fadhili alikuwa mmoja wa nguzo zao, na mbali na Malaika alijulikana pia kwa Taxi Driver.

Malaika unasema nini? Ni kisa chepesi. Kijana anampenda msichana na angetaka kumwoa, lakini hana mali. Mapenzi yapo, mfuko ni mtupu. Nani hapa kwetu asiyemjua kijana kama huyo? Nadhani ndiyo sababu wimbo huu haukuhitaji pasipoti. Umaskini wa mpenzi unaeleweka hata na mtu asiyejua neno moja la Kiswahili.

Na kweli ulisafiri. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia katika albamu yao ya pamoja kule Marekani, na kuanzia hapo watu wengi wakaujua kwa sauti ya Makeba. Kumbe mimi nami nilikuwa miongoni mwa hao wengi. Mwaka 1981 uliimbwa na Boney M., kundi lililokuwa na makao Ujerumani. Mwaka 1991 akauimba Angélique Kidjo wa Benin.

Lakini lililonifunga mdomo kabisa ni la Uswidi. Mwaka 1967 kundi la vijana wa huko, Hep Stars, lilitoa Malaika kwa Kiswahili, ukapendwa sana nchini mwao. Mpiga kinanda wa kundi hilo aliitwa Benny Andersson. Miaka saba baadaye, yaani mwaka 1974, Benny huyo huyo alisimama mjini Brighton, Uingereza, pamoja na wenzake wa ABBA, wakaiwakilisha Uswidi katika Eurovision kwa wimbo wa Waterloo. Wakashinda! Jamani, nilikuwa nimetaja Eurovision ili kuonyesha kwamba Kenya haina chake, kumbe mshindi mmoja wa huko alikuwa amekwisha kupiga wimbo uliotoka Nairobi.

Wala Malaika haukuwa peke yake. Mwaka 1968 kundi la Tremeloes la Uingereza lilirekodi Helule Helule wa Daudi Kabaka. Kwa hiyo Wazungu walikuwa wakisikiliza Nairobi wakati sisi tunadhani ni sisi tu tunaowasikiliza wao.

Sasa nisije nikadanganya mara ya pili. Kuna ubishi juu ya nani hasa aliyetunga Malaika. Fadhili alisema ni wake. Wengi nchini Tanzania husema mtunzi ni Adam Salim, aliyeutunga katika miaka ya 1940. Kuna na wengine waliodai. Mimi si hakimu. Lisilobishaniwa sana ni kwamba Fadhili ndiye aliyetangulia kuutia kwenye santuri, na ni kutoka sauti yake ulikoanza safari ya dunia.

Ubishi huo ndio unaonipa somo la maisha yake. Wimbo ukirekodiwa tena na mtu mwingine, mtunzi hustahili fungu lake la fedha. Lakini fungu hilo hufuata jina lililoandikwa kwenye karatasi, halifuati aliyekesha na gitaa. Jina likikosewa, likifutwa au likigombaniwa, fedha nazo hupotea njia. Fadhili aliutangaza wimbo, wimbo ukatajirisha wengine, naye hakupata malipo yaliyolingana na sifa yake. Aliishi Marekani kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani. Alifariki dunia Februari mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, ambayo humlinda mtunzi maisha yake yote na kuwalinda warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wahenga. Lakini Fadhili aligaagaa, na wali mwingi wakala wengine.

Kesho yake nilimwendea mwalimu mlezi wa chama nikamweleza kosa langu. Nilidhani atatunyang'anya ushindi. Alicheka, akasema mjadala umekwisha na hautarudiwa, ila deni bado lipo, nami nililipe kwenye jarida hili. Ndiyo maana unasoma ukurasa huu. Namwomba radhi yule msemaji wa upande wa pili, maana alikuwa na haki, nami nilimnyamazisha kwa sauti kubwa tu.

Wenzangu mnaotunga mashairi na nyimbo za tamasha la muziki, andikeni majina yenu na tarehe juu ya kila karatasi, hata kama wimbo ni wa beti mbili. Na nyinyi mnaoimba kazi ya mwenzenu, mtajeni kabla ya kuanza. Ni jambo la sekunde tatu. Mimi lilinichukua muhula mzima.

Guka bado ana ile santuri. Natafuta fundi wa gramafoni. Ukimjua mmoja, iwe Ruiru au Thika, tafadhali niambie.