Simenon na bahasha ya manjano

Georges Simenon alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1903. Aliandika riwaya 75 za Kamishna Maigret. Vitabu vyake vingi vilianzia juu ya bahasha ya manjano: majina aliyoyachota katika vitabu vya namba za simu, umri, anwani. Kisha alijifungia, sura moja kwa siku, mara nyingi akamaliza kabla ya wiki mbili. Colette alimshauri aache mapambo ya kifasihi. Tangu hapo, alipohariri, alifuta vivumishi, akabakiza maneno ya kila mtu. Mwaka 1932 alipita Kongo, akaushutumu ukoloni katika makala zake. Alifariki Lausanne mwaka 1989. Sisi wanafunzi wa lugha, tunaodhani ufundi ni maneno magumu, tumsome.