Pier Giorgio Frassati na mitihani miwili iliyobaki



Wale mlioko vyuoni mnajua ninachokisema. Ratiba ya UE ikishabandikwa tu, wiki hiyohiyo nyumbani kuna jambo. Mara sendofu ya dada, mara kipaimara cha mdogo wako, mara bibi yuko hoi na baba amepiga simu anataka watoto wote wafike. Ukienda, unaliona somo linakuponyoka. Ukibaki, unakaa na daftari mbele lakini moyo uko kijijini, na shangazi zako wanakusema kwamba elimu imekuharibu. Ndiyo maana leo nimemchagua Mtakatifu Pier Giorgio Frassati. Wengi wanamjua kwa ile picha yake akiwa mlimani, kijana mtanashati na kiko mdomoni. Mimi nataka tumtazame akiwa mezani na vitabu vyake, na kwenye korido ya nyumba yao, kwa sababu huko ndiko alikobanwa kwelikweli.

Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, baadaye akawa seneta, kisha balozi wa Italia kule Berlin. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Walilea watoto wawili, Pier Giorgio na Luciana, aliyezaliwa mwaka uliofuata. Pesa ilikuwepo, jina lilikuwepo. Amani ndiyo ilikuwa haba. Baba hakuwa mtu wa kusali, mama alienda kanisani kwa mazoea zaidi, na wao wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana. Watoto walikua wakijua kwamba siku yoyote baba na mama wanaweza kuachana. Nawaomba mlikumbuke hili, maana bila hilo huwezi kuelewa maamuzi aliyokuja kuyafanya baadaye.

Halafu, kwa lugha yetu ya mtaani, jamaa hakuwa kipanga. Alifeli Kilatini, na mwaka 1913 akahamishiwa shule ya Wajesuiti pale pale mjini. Kwa nyumba kama ile ilikuwa aibu kubwa, mtoto wa mwenye gazeti kufeli. Lakini ni kwa Wajesuiti alikoanza kupokea Komunyo kila siku, jambo ambalo zamani zile halikuwa la kawaida kwa kijana. Mama aliogopa asije akawa padre. Yeye akaendelea kuamka mapema.

Mwaka 1918 akajiunga na chuo cha ufundi cha Torino, Politecnico, kusomea uhandisi wa migodi. Hakuchagua hiyo kwa sababu ni rahisi, maana hesabu zake zilimtoa jasho kweli. Aliichagua kwa sababu wachimba migodi walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wenye maisha magumu kuliko wote, naye alitaka kuishi karibu nao na kumtumikia Kristo kati yao. Aliwahi kufikiria upadre, akaona kwamba kama mlei atawafikia watu hao kwa urahisi zaidi.

Sasa chuoni mzigo ukaanza kujaa. Mwaka huohuo aliingia Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawa anatembelea familia maskini kwenye vyumba vya juu vya Torino, amebeba vifurushi vya chakula, viatu na dawa. Akajiunga na umoja wa wanafunzi Wakatoliki, FUCI. Mwaka 1920 akaingia Chama cha Watu cha Padre Luigi Sturzo. Mwaka 1922 akapokelewa katika Utawa wa Tatu wa Wadominiko. Hapo ongeza Misa, rozari, kuabudu Ekaristi usiku, na milima anayoipenda. Na nyumbani kuna sheria ya baba: wakati wa chakula ukifika, uwe umeketi mezani. Mara nyingi nauli yake ya tramu ilikuwa imeshaishia kwa maskini, basi anarudi nyumbani mbio kwa miguu ili asichelewe kula. Anafika anahema, na hawamwulizi. Wao walijua tu kwamba mtoto huyu ni mzuri wa moyo lakini hana mpangilio, na digrii haiishi.

Wapo wanaomsimulia kana kwamba watakatifu hawapati alama mbovu. Mimi napenda kwamba yeye alizipata. Wenzake walimaliza wakamwacha. Luciana, ambaye ni mdogo wake, alimaliza sheria kabla yake. Kipindi baba alipokuwa balozi, kati ya 1920 na 1922, Pier Giorgio alilazimika kwenda Ujerumani mara kadhaa kukaa na familia. Alipokuwa huko mwaka 1921 alikaa kwa muda na familia ya Rahner, Freiburg, ajifunze Kijerumani. Mmoja wa watoto wa nyumba ile, Karl, ndiye aliyekuja kuwa mwanateolojia maarufu. Safari hizo zilikuwa na faida, lakini kila safari ilimega muda wa masomo.

Niseme kidogo habari ya Laura Hidalgo, maana na yenyewe ni habari ya familia. Alikuwa mwanafunzi wa hesabu, yatima, mmoja wa kundi lake la marafiki wa milimani. Pier Giorgio alimpenda. Akamwambia dada yake, akapima hali ya nyumbani, akaona wazi kwamba wazazi wasingemkubali binti yule, na kwamba ugomvi huo ungeweza kuwa ndio wa mwisho kati ya baba na mama. Akanyamaza. Laura mwenyewe hakuambiwa kitu. Hakutaka kujenga nyumba yake juu ya magofu ya nyumba ya wazazi wake. Unaweza kusema alikosea, mimi mwenyewe nimebishana na rafiki zangu kuhusu hili na hatujafika popote. Ila hakuna anayeweza kusema ilikuwa rahisi kwake. Barua zake za miezi hiyo zinaonyesha alivyoumia.

Kisha ikaja harusi. Tarehe 24 Januari 1925 Luciana aliolewa na Jan Gawroński, mwanadiplomasia wa Poland, akaondoka kwenda kuishi nje ya nchi. Pier Giorgio alisherehekea na wenzake kama kaka wa bibi harusi anavyopaswa, alimpenda sana dada yake. Lakini baada ya ngoma kuisha yeye alibaki katikati ya baba na mama. Luciana ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kuzungumza naye ndani ya nyumba ile. Nafikiri wengi wenu mnaijua hali hiyo, unarudi kwenye vitabu siku ya pili baada ya harusi na kila chumba kina ukimya.

Mwaka huo wa 1925 ulikuwa wa kumaliza. Alijifungia. Marafiki wakipanga safari ya mlimani yeye anajibu kwamba hawezi, anasoma, na kwake kukataa mlima ilikuwa mfungo kuliko mfungo. Kundi lake lile la utani waliloanzisha Mei 1924 na kujiita kwa Kiitaliano kitu kama wahuni wababaishaji, liliendelea kumwandikia na kumchokoza, naye akawa anajibu kwa mzaha, halafu anarudi kwenye michoro na hesabu. Maskini wake hakuwaacha. Hilo ndilo hakulipunguza.

Ndipo baba akaja na jambo lake. Alitaka mwanaye akimaliza aingie kwenye uongozi wa La Stampa. Hakumwambia mwenyewe, alimtuma mfanyakazi wa gazeti akamwambie. Fikiria: miaka saba umesota na uhandisi kwa ajili ya wachimba migodi, na mlangoni kabisa mwa digrii unaambiwa utakaa ofisini Torino. Pier Giorgio aliuliza kama kweli ndivyo baba anavyotaka. Alipojibiwa ndiyo, akakubali. Kama angeondoka kwenda migodini, na Luciana alishaondoka, nani angebaki kati ya wazazi wale? Migodi aliifunga moyoni, akarudi kusoma mitihani ya kazi ambayo tayari alijua hataifanya. Binafsi hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kuliko hata mlimani.

Ilibaki mitihani miwili.

Mwisho wa Juni bibi mzaa mama, Linda Ametis, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa anakata roho. Nyumba nzima ilikuwa kwa bibi: madaktari, padre, wageni, mama anazunguka usiku na mchana. Tarehe 30 Juni Pier Giorgio alianza kuumwa kichwa na mgongo. Akanyamaza, maana nani alalamike mafua wakati bibi anakufa? Alijikokota kwenda kusali kando ya kitanda cha bibi. Tarehe 1 Julai bibi akafariki. Usiku, akijaribu kwenda kwake kwa kushika ukuta wa korido, kijana yule wa milimani alianguka, akaamka, akaanguka tena.

Mama alimwona amelala na akakasirika. Wiki ya mitihani mtoto haonekani, na sasa kwenye msiba wa bibi yake amejilaza kitandani. Akamlaumu kwamba kila anapohitajika hapatikani. Pier Giorgio hakujitetea. Mimi simhukumu yule mama, ni mtu aliyefiwa na hajalala siku kadhaa. Mama zetu nao husema hivyo msibani.

Siku ya kuusafirisha mwili wa bibi kwenda Pollone, kijijini kwa ukoo wa mama, ndipo alipotaka kuamka na miguu ikakataa kabisa. Ndipo daktari akampima vizuri. Ilikuwa polio, na ilikuwa imeshapanda. Ikatafutwa dawa kutoka Taasisi ya Pasteur ya Paris, lakini muda haukuwepo tena. Ijumaa ile, tarehe 3 Julai, mkono ukiwa tayari unapooza, alimwomba Luciana amletee vitu kutoka mfuko wa koti lake: sindano za dawa za maskini mmoja na karatasi ya rehani ya mwingine. Akaandika kijikaratasi kwa rafiki yake wa Shirika la Vinsenti, dawa zipelekwe na rehani ile iongezwe muda kwa pesa yake. Herufi zimepinda kiasi kwamba hazisomeki vizuri. Alifariki Jumamosi jioni, tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24.

Wazazi walitegemea mazishini watakuja wanasiasa na watu wa magazeti, na kweli walikuja. Ila barabara za Torino zilijaa watu ambao familia haikuwahi kuwaona: akina mama wa vyumba vya juu, vipofu, watoto, vibarua. Wengi wao nao walikuwa hawamjui huyu kijana ni mtoto wa nani. Pale ndipo baba na mama walipoanza kujua mwanao alikuwa akichelewa wapi miaka yote ile. Alizikwa Pollone, karibu na bibi aliyekuwa ametangulia siku tatu tu. Alfredo na Adelaide hawakuachana.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 20 Mei 1990, na mabaki yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Torino. Papa Leo wa XIV alimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis. Luciana, aliyekusanya barua zake na kuandika maisha yake, aliishi hadi 2007, akafa na miaka 105. Miaka sita kabla ya hapo aliwahi kuona chuo cha Politecnico kikimpa kaka yake digrii ya heshima ya uhandisi wa migodi.

Sikukuu yake ni tarehe 4 Julai, ambapo wengi wetu tunakuwa katikati ya UE.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.