Johnny Blood: mchezaji aliyewachosha makocha, kisha akawa kocha



Nipo Minneapolis kwa binti yangu tangu mwezi uliopita, na baridi ya huku si mchezo. Usiku mmoja baada ya Isha mkwe wangu akanichukua mimi na mjukuu wangu mpaka Karmel, soko la Wasomali, tukanywa chai ya maziwa na iliki. Meza ya pili vijana wamo kwenye ubishi. Kuna mchezaji mmoja, kijana mdogo, mguu wake dhahabu, lakini kila wiki anakuja na jambo: leo kakutwa na gari usiku wa manane, kesho kakosa mazoezi. Kundi moja linasema mwacheni, anafunga magoli, mengine yanawahusu nini. Kundi la pili linasema afukuzwe, atawaharibu wenzake. Mjukuu wangu ana miaka kumi na sita na yeye ni mchezaji, na kocha wake anamsifu kupita kiasi. Alikuwa kimya, kikombe mkononi, masikio yote kule.

Wakaniuliza mimi mzee nasemaje. Nikawaambia kwamba ubishi huu ulianza hapa hapa mjini, karibu miaka mia iliyopita, juu ya mtu aliyeanza kucheza kwenye mtaa ambao toka pale tulipokaa unafika kwa miguu. Hakuna hata mmoja aliyemjua. Basi nikawasimulia, na nyinyi nawasimulia.

Jina lake hasa ni John Victor McNally. Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1903 katika mji mdogo wa New Richmond, jimbo la Wisconsin, ng'ambo ya mto St. Croix, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Saint Paul. Hakutoka kwenye dhiki. Ukoo wa mama yake ndio waliokuwa wenye gazeti la Minneapolis Tribune. Na kichwa kilikuwa kinachemka: alimaliza sekondari akiwa na miaka kumi na minne tu. Sisi walimu tunawajua watoto wa namna hii. Darasani wanamaliza hesabu kabla hujageuka kutoka ubaoni, halafu muda uliobaki wanatafuta la kufanya, na mara nyingi wanalolipata si jema.

Mwaka 1920 akapelekwa Saint John's, chuo cha watawa wa Kibenediktini huko Collegeville, kaskazini-magharibi ya Minneapolis. Wale waliosoma kusini mwa Tanzania watakumbuka Ndanda na Peramiho. Hao nao ni watawa wa njia hiyo hiyo ya Benedikto, kengele alfajiri, kazi, sala, kengele tena. Mimi mwenyewe, mtoto wa Kiarabu na juzuu yangu mfukoni, nilisoma sekondari ya misheni, nazijua kengele zile. Zinamtengeneza mtoto mmoja na zinamfanya mwingine aruke ukuta. McNally alikuwa wa kuruka ukuta. Lakini hapo ndipo kilipoonekana kipaji: hakuwahi kucheza mpira sekondari, na bado akawakilisha chuo katika michezo minne, mpira wa Kimarekani, kikapu, besiboli na riadha. Mashairi pia aliyahifadhi kwa wingi, na mpaka uzeeni aliweza kuyasoma kwa moyo. Kutoka hapo akaenda chuo cha Notre Dame, ambako mambo hayakudumu.

Hebu nieleze kidogo, maana najua wengi wetu mpira tunaoujua ni ule wa miguu. Huu wa Kimarekani mpira wake una umbo la yai, unabebwa mkononi, na kazi ni kuuvusha mstari wa mwisho huku wanaume wazito wanakuangusha. Zama hizo walivaa kofia za ngozi tu, na waliotoka na meno yao yote walishukuru. McNally alikuwa mkimbiaji na mdakaji, mrefu, mwepesi, hakamatiki.

Akarudi Minneapolis, akafanya kazi kwenye gazeti la wajomba zake. Pesa za haraka zilikuwa kwenye timu za mitaani, lakini ukicheza kwa malipo unapoteza haki ya kuchezea chuo. Dawa ilikuwa kutumia jina la bandia. Yeye na rafiki yake wakapanda pikipiki kwenda kujaribiwa na timu ya East 26th Street Liberties, timu ya mtaa wa 26, na mtaa huo upo mpaka leo. Njiani wakapita mbele ya jumba la sinema lililokuwa limebandika tangazo la filamu ya Rudolph Valentino, Blood and Sand, yaani Damu na Mchanga. (Valentino ni yule yule aliyeigiza sheikh wa jangwani, Mwitaliano aliyevikwa kilemba, lakini hilo tuliache.) McNally akakata shauri palepale: yeye atakuwa Damu, mwenzake atakuwa Mchanga. Toka siku hiyo Marekani nzima ilimjua kwa jina la Johnny Blood, na John McNally akabaki kwenye vyeti.

Mwaka 1925 akaingia ligi kuu, NFL, na timu ya Milwaukee. Mwaka uliofuata akahamia Duluth, mji wa kaskazini ya jimbo hili hili la Minnesota, ufukweni mwa ziwa Superior. Duluth kuna baridi ambayo hata watu wa Minneapolis wanailalamikia, na watazamaji walikuwa wachache, kwa hiyo timu ikageuka msafara. Msimu wa 1926 walicheza mechi 29, karibu zote ugenini, kwa treni, mji baada ya mji, na kikosi kidogo. Ukimweka kijana wa tabia ile kwenye maisha ya hoteli na vituo vya treni, unategemea nini? Alizowea kulala popote na kuamka popote.

Mwaka 1929 akachukuliwa na Green Bay Packers, na hapa ndipo hadithi yetu hasa.

Green Bay ni mji mdogo Wisconsin, na timu yao ni ya wananchi wenyewe; tangu 1923 watu wa mji walinunua hisa. Kwa hiyo mashabiki waliobishana juu ya Johnny Blood walikuwa na haki zaidi kuliko vijana wa Karmel, maana mchezaji alikuwa akilipwa kwa fedha zao. Kocha alikuwa Curly Lambeau, mtu mkali, asiyependa mchezo kwenye kazi. Inasimuliwa kwamba Lambeau alimwambia atampa dola 110 kwa mechi akikubali kutogusa pombe kuanzia Jumanne usiku mpaka siku ya mchezo. Johnny akajibu kwamba anapendelea dola 100, na Jumatano aachiwe anywe. Lambeau akashangazwa na ukweli wake, akampa zote 110 na Jumatano yake.

Watu wanacheka wakisikia hapo. Na mimi nilicheka mara ya kwanza. Lakini kumbukeni miaka ile pombe ilikuwa haramu kwa sheria ya nchi. Marekani nzima ilipigwa marufuku kutoka 1920 mpaka 1933. Kocha na mchezaji walikaa wakapatana siku ya kuvunja sheria, na mji ukaisimulia kama kichekesho, kwa sababu mwaka 1929 Packers walichukua ubingwa, 1930 wakachukua tena, na 1931 tena. Ubingwa mara tatu mfululizo. Mji mdogo kama ule, nani atauliza mchezaji alilala wapi?

Na vituko vilikuwa vingi. Alikwenda kambini amening'inia kwenye treni bila tiketi, kama wazururaji wa zama zile, ndipo magazeti yakambandika jina la mkimbiaji mzururaji. Wanasema siku moja treni ya timu ilimwacha, akaikimbiza kwa gari mpaka njia panda, akaliegesha gari juu ya reli, treni ikasimama, akapanda. Wanasema tena kwamba alitaka kupewa fedha kabla ya siku yake, Lambeau akajifungia chumbani hotelini. Johnny akatoka dirishani ghorofa za juu, usiku, akapita nje ukutani mpaka dirisha la kocha. Kocha wa watu akatoa fedha kwa hofu. Ngapi kati ya hizi zimetiwa chumvi, Mungu ajua. Kila mji aliopita una yake.

Ninachotaka mkione ni nani alikuwa akilipa gharama. Dereva wa treni aliyefunga breki. Wenzake kikosini waliolala mapema ili wakimbie badala ya mtu aliyekuja na macho mekundu. Kocha, aliyempa ruhusa kidogo, akamvuta, akamwacha, akamvuta tena. Mwaka 1934 Johnny alijikuta anachezea Pittsburgh. 1935 Lambeau akamrudisha, na 1936 wakachukua ubingwa wa nne pamoja, Johnny akiwa na miaka thelathini na tatu. Wale waliosema mwacheni wakapata hoja yao. Kipaji hakikuharibika.

Halafu Pittsburgh wakampa timu.

Mwaka 1937 mwenye timu hiyo, Art Rooney, alimfanya kocha na mchezaji kwa pamoja. Mechi ya kwanza inasimuliwa kwamba aliudaka mpira wa kufungulia mchezo akakimbia nao uwanja karibu mzima mpaka mstarini. Watu wakaona mwujiza umekuja. Haukuja. Mwaka ule walishinda mechi nne na kushindwa saba. Mwaka wa pili Rooney akamleta Byron White, kijana msomi, kwa mshahara wa dola 15,800 ambao hakuna aliyekuwa amewahi kulipwa kwenye ligi ile. White akaongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia na mpira, na bado timu ikashinda mechi mbili tu, ikapoteza tisa. Mwaka 1939 wakapoteza tatu za mwanzo, Johnny akaachia ngazi mwenyewe. Jumla: ushindi sita, vipigo kumi na tisa. (Byron White ndiye yule aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alikuwa na sababu zote za kumlaumu kocha wake, wala hawakugombana, walibaki marafiki.)

Rooney alipenda kueleza kwamba kwenye timu nyingine kocha ndiye huhangaika mchezaji yuko wapi, kwake yeye wachezaji ndio waliohangaika kocha yuko wapi. Hapo watu hucheka tena. Mimi niliyesimama mbele ya darasa miaka zaidi ya thelathini sicheki. Wale vijana wa Pittsburgh walikuwa na msimu mmoja au miwili ya maisha yao ya mpira, mbavu zinavunjika kila Jumapili, na mtu wa kuwaongoza hayupo. Uwanjani Johnny aliweza kulipia usiku wake kwa miguu yake mwenyewe. Kocha hana miguu ya kulipia. Atamwambia nini mchezaji aliyechelewa mazoezi, na mchezaji anamjua yeye ni nani?

Vita vikaja, akaingia jeshi la anga, akapelekwa India na China kazi ya kufunga na kufungua maandishi ya siri. Yule mtoto aliyemaliza sekondari na miaka kumi na minne akili yake bado ilikuwepo. Aliporudi alifanya jambo ambalo wasimulizi wengi wanalipita mbio, na mimi naliona kubwa kuliko treni na madirisha: alirudi Saint John's kwa wale watawa, mtu mzima aliyepita miaka arobaini, bingwa mara nne, akakaa darasani na vijana akamaliza digrii aliyoiacha. Na wao wakampokea. Kisha akafundisha uchumi palepale, na kutoka 1950 mpaka 1952 akawa kocha wa timu ya chuo. Ndoa nayo aliingia kwa mara ya kwanza amepita arobaini, na ya kwanza haikudumu.

Alipoondoka Saint John's, mahali pake akapewa kijana anayeitwa John Gagliardi. Inasemekana Johnny alimtahadharisha kwamba pale hakuna atakayeshinda, watawa ni wagumu wa fedha mno. Gagliardi akakaa misimu sitini, mpaka 2012, akastaafu akiwa na ushindi mwingi kuliko kocha yeyote wa mpira wa vyuo Marekani. Uwanja ule ule, watawa wale wale.

Mwaka 1963 Wamarekani walipofungua jumba lao la heshima la mpira, waliingizwa watu kumi na saba wa kwanza, na Johnny Blood alikuwa mmoja wao. Alifariki tarehe 28 Novemba 1985 huko Palm Springs, California, siku moja baada ya kutimiza miaka themanini na miwili.

Nilipomaliza, vijana wa Karmel waligawanyika vilevile. Wa kwanza wakasema mmeona, kaingia jumba la heshima. Wa pili wakasema mmeona, sita kwa kumi na tisa. Mkwe wangu akalipa chai. Kwenye gari mjukuu wangu aliniuliza kitu kimoja tu: wale wachezaji wa Pittsburgh, siku kocha hayupo, nani aliwaongoza mazoezi? Nikamwambia sijui, nadhani walijiongoza wenyewe. Akatazama nje, theluji inaanguka, kisha akamwomba baba yake asipite kwanza dukani, ana mazoezi saa kumi na mbili asubuhi.