MAISHA YA BWANA GUNPEI YOKOI

Wenzangu, wengi wetu twaijua Game Boy, walau kwa jina, lakini wamjuao fundi wake ni wachache. Mimi hupenda kukusanya habari za mashine za gemu zilizosahauliwa, na leo nawaletea habari zake.

Bwana Gunpei Yokoi alizaliwa Kyoto, nchi ya Japani, mwaka 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, iliyokuwa kampuni ya karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwanda. Katika nafasi yake akajitengenezea mkono wa kuchezea, unaorefuka na kukamata vitu. Mkubwa wake, Bwana Yamauchi, alipouona hakumkaripia, bali alimwagiza autengeneze uuzwe. Ulitoka mwaka 1966, ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo akawa mbunifu. Siku moja ndani ya treni alimwona mtu akipoteza wakati kwa kubonyezabonyeza mashine ya kuhesabia. Hapo akapata wazo la Game & Watch, iliyotoka mwaka 1980. Game Boy ikafuata mwaka 1989. Kioo chake hakikuwa na rangi, lakini bei ilikuwa nafuu na betri zilidumu. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kutumia vifaa vya kawaida kwa namna mpya.

Lakini maji hujaa na kupwa. Mwaka 1995 ikatoka Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kwa macho mawili, yenye picha nyekundu tupu gizani. Watu walilalamika kuumwa kichwa, na haukupita muda ikaachwa. Gemu zake zote zilikuwa 22 tu. Mwaka 1996 Bwana Yokoi aliondoka Nintendo, na tarehe 4 Oktoba, 1997, akafa kwa ajali ya barabarani.

Je, kazi ile ipotee kwa kuwa haikufaulu? Kaseti huchakaa, na mashine huharibika. Basi wako watu wanaonakili gemu hizo katika kompyuta, moja moja, kwa mapenzi tu. Gemu zote 22 zimehifadhiwa, pamoja na Bound High!, ambayo haikupata kuuzwa madukani. Kuuza nakala za jasho la mwingine sikubali. Lakini kutunza kitu kisife naona ni kazi ya heshima. Fundi hupimwa kwa kazi zake zote, zilizosimama na zilizoanguka, nasi tutampimaje ikiwa nusu yake imetoweka? Mali bila daftari hupotea bila habari.