Hayati Askofu Samuel Ajayi Crowther



Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 huko Osogun, katika nchi ya Wayoruba ambayo leo ni Nigeria. Mwaka 1821 wavamizi walichoma mji wao. Alikamatwa pamoja na mama yake na ndugu zake, wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa, akapakiwa katika meli ya Wareno. Aprili 1822 manowari za Uingereza ziliikamata meli hiyo, naye akateremshwa Sierra Leone kati ya watu wengi waliookolewa kama yeye, wa makabila na lugha nyingi.

Huko alisoma, akabatizwa mwaka 1825, akawa mwalimu, na mwaka 1843 kasisi. Mwaka 1846, akihubiri Abeokuta, alikutana na mama yake baada ya miaka 25. Mama naye akabatizwa mwaka 1848.

Mwaka 1864 Ajayi aliwekwa wakfu Canterbury, askofu Mwafrika wa kwanza wa Kianglikana. Aliongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba, lugha ya mama yake. Uzeeni wamisionari vijana wa Kizungu walimnyang'anya madaraka. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mwaka 2014 Askofu Mkuu wa Canterbury aliomba radhi kwa hayo.

Wapo kati yetu waliopotezana na jamaa zao njiani. Wasichoke kuuliza, wala kuandikisha majina. Miaka 25 ni mingi, lakini haikuwazuia mama na mwana kuonana.