Joy Adamson na Sura za Marika

Msafiri ateremkaye kutoka Timau kuelekea Isiolo huiacha baridi ya Mlima Kenya na kuingia nchi kame ambako Joy Adamson aliishi kwa miaka mingi. Wengi humjua kwa simba Elsa na kitabu kilichotolewa mwaka 1960. Ni nadra kukumbukwa kwamba kabla ya Elsa alikuwa mchoraji, na pengine huo ndio urithi wake mzito zaidi.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, katika himaya ya Austria na Hungaria, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyempa jina la Joy na kumwelekeza katika uchoraji wa maua. Baadaye aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori huko Isiolo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya, Wameru wakiwamo, katika mavazi yao ya jadi. Agizo hilo lina kinaya: utawala uliochangia kuzififisha mila ndio uliolipia kumbukumbu yake. Hata hivyo, walioketi mbele ya mchoraji walivaa udugu wao mwilini. Shanga, ngozi na rangi ya mwili zilimtambulisha mtu kwa rika na cheo chake.

Ndiyo maana kuzihifadhi picha hizi si kazi ya usafi tu. Rangi za maji juu ya karatasi hufifishwa na mwanga, na rangi iliyokwisha kufifia hairudi. Unyevu nao huleta ukungu. Kadi yenye asidi huigeuza karatasi kuwa ya manjano. Mrekebishaji anayeipaka upya shanga iliyopauka, akikisia rangi yake, aweza kumhamisha mzee kutoka rika moja hadi jingine. Heri aiache ilivyo, aizibe mipasuko, apunguze mwanga.

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa ameuawa na simba. Baadaye aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa. Majivu yake yalipelekwa katika Mbuga ya Meru. Michoro yake kadhaa imo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yaliyofungwa kwa ukarabati mwaka 2005 na kufunguliwa tena mwaka 2008.