Claude-Louis Navier: Mhandisi wa Maji na Chuma

Mwanafunzi atokaye Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi kwenda Bewa la Chiromo huvuka Mto Nairobi. Akitua kando yake baada ya mvua, atayaona majani yakiinamishwa na mkondo, na mkondo nao ukipindishwa na majani yayo hayo. Kukadiria mwendo wa pande hizo mbili kwa pamoja ni kazi ambayo leo huachiwa tarakilishi. Hata hivyo, misingi yake iliwekwa na Mfaransa aliyefariki zaidi ya karne moja kabla ya tarakilishi kuenea: Claude-Louis Navier.

Navier alizaliwa mjini Dijon tarehe 10 Februari 1785. Babake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki mwaka 1793, naye akalelewa na jamaa wa mamake, Emiland Gauthey, mhandisi mashuhuri wa madaraja na mifereji. Mwaka 1802 alijiunga na École Polytechnique, kisha akasomea uhandisi wa madaraja na barabara. Gauthey alipofariki mwaka 1806, kijana huyo aliyahariri na kuyachapisha maandishi ya mlezi wake.

Mwezi Mei 1821 Navier aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris milinganyo ya vitu vigumu vinavyonyumbuka. Machi 1822 akawasilisha ile ya viowevu vyenye mnato. Maelezo yake kuhusu chanzo cha mnato, aliyoyajenga juu ya nguvu baina ya molekuli, hayakukubalika baadaye. Mlinganyo wenyewe ulisimama. George Stokes aliufikia kwa njia nyingine mwaka 1845, na ndiyo maana huitwa kwa majina yao wawili.

Wakati huohuo Navier alikuwa akijenga daraja la kuning'inia juu ya Mto Seine. Mwaka 1826, kazi ikikaribia kukamilika, nguzo zilizoshikilia minyororo zilisogea na kupasuka. Kisha bomba la maji likapasuka karibu na hapo, likalegeza udongo. Ufa ungeweza kuzibwa, lakini wakuu wa jiji waliamua daraja libomolewe. Mtu aliyeyaandikia milinganyo maji na vitu vigumu alishindwa pale viwili hivyo vilipokutana.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Navier aliendelea kufundisha hadi alipofariki tarehe 21 Agosti 1836, akiwa na umri wa miaka 51. Jina lake ni mojawapo ya majina 72 yaliyochorwa kwenye Mnara wa Eiffel.

Milinganyo yake miwili ilikuja kuoanishwa kwa tarakilishi. Mwaka 1972 Charles Peskin, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha jinsi ya kukokotoa damu ikipita kwenye valvu laini za moyo. Hata Nairobi ilikuwa na sehemu yake: Colin Pennycuick, aliyefundisha zoolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, alichunguza namna popo wa matunda anavyoelea katika mkondo wa upepo, bawa lake la ngozi likibadilika umbo kwa kadiri ya kasi. Baadaye alitunga programu ya tarakilishi ya kukadiria safari za ndege wa angani.

Nasi tunaosoma tusimpime msomi kwa daraja lake lililobomolewa tu. Daraja la Navier halikumvusha mtu yeyote. Milinganyo yake ingali inawavusha wengi.